Turubai jepesi la bembea za kulalia kwa familia ya watu wanne: moja kubwa au mawili ya wastani?

BabaWawili, Tanga

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunakusudia kuwapeleka watoto wetu wawili, wenye umri wa miaka 11 na 7, katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa Desemba shule zitakapokuwa zimefungwa. Tumekubaliana kwamba safari hii hatutabeba hema. Tutalala kwenye bembea za kulalia zinazofungwa mitini, kwa kuwa ardhi ya kule ina miteremko mingi na mahali patambarare pa kusimika hema la watu wanne hapapatikani kila unaposimama. Kuhusu sehemu inayoruhusiwa kulala na masharti ya kufunga mikanda kwenye miti, tutamalizana na ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka.

Tutapanda basi hadi Muheza, tutafika Zigi penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, na kutoka hapo tutapanda kwa miguu hadi Amani. Ndiyo maana uzito umekuwa hoja kubwa nyumbani kwetu: migongo minne itakuwepo, lakini inayotegemewa kubeba ni miwili tu.

Bembea tunazo tayari. Mbili ni za watu wazima, kitambaa chake kina urefu wa mita 3.3, na mbili ni za watoto, za mita 2.4; kila moja ina chandarua chake. Kilichobaki ni turubai, na hapo ndipo tulipokwama. Sokoni yapo maturubai ya polithini ya buluu, yale yanayofunika magunia ya mahindi, na bei yake haimuumizi mtu. Yapo pia ya nailoni iliyopakwa silikoni na ya poliesta, ambayo bei yake inatulazimu kufikiri mara mbili. Muuzaji mmoja anatushauri tuchukue turubai moja la mita 4 kwa 5, tulale wote chini ya paa moja. Mke wangu anaona ni heri mawili ya mita 3 kwa 3.6. Naomba mwenye uzoefu anieleze ukubwa upi utufae, kitambaa kipi kivumilie mvua za vuli zinapoelekea ukingoni, na kama uzito unaoandikwa kwenye kifurushi ni wa kuaminika. Natanguliza shukrani.

MtembeaMisitu, Morogoro

Ndugu BabaWawili, karibu sana. Ningekuomba uliache kwanza suala la kitambaa na uanze na vipimo, kwa sababu turubai lililo fupi halisaidiwi na ubora wa kitambaa chake.

Bembea ya mita 3.3 ikifungwa inavyotakiwa, yaani mikanda ikiteremka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa ardhi, ncha zake mbili hubaki umbali wa karibu mita 2.75. Turubai linapaswa kuzipita ncha hizo kwa sentimita 30 au zaidi kila upande, kwa hiyo mgongo wake, yaani ule mstari wa juu unaofuata urefu wa bembea, usipungue mita 3.35; ule wa mita 3.6 unakupa zaidi ya sentimita 40 kila upande, na hizo ndizo zitakazokuokoa mvua itakapopigwa na upepo. Pembe hiyo ya nyuzi 30 nayo si ya kupuuza. Katika pembe hiyo kila mkanda unabeba uzito unaolingana na wa mlalaji mwenyewe. Ukiikaza bembea mpaka pembe ikashuka kuwa nyuzi 15, kila mkanda unabeba karibu mara mbili ya uzito huo, bembea inavutika na kurefuka, mlalaji analala kama aliyebanwa mabegani, na turubai ulilolipima vizuri nyumbani linaonekana limepungua.

Upana ndio unaowasumbua wenye familia. Turubai la upana wa mita 3 likiinamishwa nyuzi 45 pande zote mbili linafunika ardhi ya upana wa mita 2.1 tu, na likilazwa hadi nyuzi 30 linafika mita 2.6. Kwa bembea moja hiyo ni nafasi ya kutosha na kubaki. Kwa bembea mbili, ya mzazi na ya mtoto sambamba kwenye miti ileile, mita 2.6 zinatosha ikiwa mvua inashuka wima, lakini ikija kwa mshazari mlalaji wa pembeni ataamka na nusu ya blanketi imelowa. Kwa mpango wenu ningechagua upana wa mita 3.3 hadi 3.5. La mita 3.5 likilazwa nyuzi 30 linafunika mita 3 kamili.

Sasa swali la moja au mawili. Mimi niko upande wa mama watoto, na sababu yangu ni miti. Msitu wa Amani sehemu kubwa ni wa asili. Miti imeota ilipoangukia mbegu, minene imechanganyika na myembamba, mizizi imetapakaa na mteremko nao hauchagui. Kupata miti miwili iliyoachana mita 4 hadi 5, iliyo hai, minene ya kutosha na isiyo na matawi makavu juu yake, si kazi ngumu. Kupata minne inayofanya mstatili, ili bembea zote zikae sambamba chini ya turubai moja, kunaweza kuwala jioni yote huku watoto wakisubiri chakula. Ukiwa na mawili unaweza kufanya umbo la herufi V: mti mmoja mkubwa unabeba ncha za pamoja, na miti mingine miwili inabeba ncha zilizobaki. Mama na mdogo watalala upande mmoja, wewe na mkubwa upande wa pili, na mtazungumza usiku kucha bila kupaza sauti. Zaidi ya hayo, kila mzazi atabeba turubai lake, na likichanika moja familia haibaki bila paa.

Jambo la mwisho linahusu mahali penyewe. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa kuwa milima ile ndiyo ya kwanza kukutana na unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Desemba upepo ni wa kaskazi, kwa hiyo panapokuwa na uwazi elekezeni ubavu wa turubai upande huo, wala msielekeze ncha iliyo wazi. Ndani ya msitu mzito upepo si adui mkubwa. Kinachochosha ni matone ya majani, ambayo huendelea kudondoka muda mrefu baada ya mvua yenyewe kukatika. Msiwahi kulikunja turubai kwa sababu mmeona anga limefunguka.

FundiChangombe, Dar es Salaam

Salaam kwenu nyote. Kazi yangu ni kushona vifuniko vya magari na maturubai ya biashara, na miaka ya karibuni nimekuwa nikishonea watembea milima, kwa hiyo nitajibu upande wa kitambaa.

Uzito unaoandikwa kwenye kifurushi mara nyingi ni wa kitambaa kitupu. Kamba, vigingi na mfuko wake huongeza gramu 200 hadi 300, na hakuna anayelala chini ya turubai lisilo na kamba. Njia ya uhakika ni kuuliza gramu kwa mita ya mraba, kisha ukazidisha mwenyewe. Chukua kipimo cha ndugu wa Morogoro, mita 3.6 kwa 3.5, ambacho ni mita za mraba 12.6. Turubai la kanvasi la gramu 400 kwa mita ya mraba litakuwa na kilo 5, na hapo mjadala umekwisha. Polithini nyepesi ya gramu 100 itakupa kilo 1 na robo. Nailoni au poliesta nyembamba, ya denia 20 au 30 (denia ni kipimo cha unene wa uzi), ambayo ikishapakwa silikoni huwa karibu na gramu 50, itakupa gramu 630. Kile kitambaa cha Dyneema, ambacho asili yake ni tanga za mashua za mashindano, kina gramu 18 hadi 27, kwa hiyo turubai zima halifiki gramu 350. Ila bei yake ni ya kumfaa mtu anayetembea peke yake mwezi mzima, si familia inayokwenda likizo ya siku chache, na hakipendi kusuguliwa.

Baina ya nailoni na poliesta, kwa Amani ningewapa poliesta bila kusita. Nailoni ina nguvu zaidi ya kuhimili kuchanika, hilo sitalikana, lakini inanywa unyevu: katika hewa ya kawaida tu hubeba maji ya asilimia 4 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki nusu ya asilimia moja. Ikinyeshewa, nailoni hulegea. Turubai ulilolikaza jioni likawa kama ngozi ya ngoma, usiku wa manane linaning'inia, linashika maji katikati, na mtu inambidi atoke mvuani kulikaza upya. Poliesta hubaki ilivyofungwa. Juani pia nailoni huchoka mapema kuliko poliesta, ingawa kwenye kivuli cha msitu hilo halina uzito mkubwa.

Ukishaamua kitambaa, uliza kimepakwa nini. Silikoni iliyopakwa pande zote mbili ndiyo inayodumu. Poliurethani ni rahisi na huziba vizuri ikiwa mpya, lakini ikihifadhiwa na unyevu katika joto la pwani huanza kunata, kisha hubanduka vipandevipande. Tunaoishi Tanga na Dar es Salaam tunapaswa kulifikiria hilo kuliko mtu wa Iringa. Kiwango cha kuzuia maji hupimwa kwa urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuhimili kabla ya kupenyeza. Milimita 1,500 zinatosha kwa paa, kwani hakuna anayepiga goti juu ya turubai kama anavyofanya kwenye sakafu ya hema.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawalioni lakini fundi hulikuta mezani. Vitambaa hivi kwa kawaida vina upana wa mita 1.5. Turubai la upana wa mita 3 hutoka kwenye vipande viwili, na mshono mmoja hupita juu ya mgongo. La mita 3.5 linahitaji kipande cha tatu au vipande vya kuongezea pembeni, na kila mshono ni mlango wa maji. Mkiamua kushonesha, mwambieni fundi wenu nyongeza ziwe kwenye upenu, kila upande sentimita 25, ili mshono ukivuja maji yaishie nje ya mlalaji. Mshono wa mgongo lazima uzibwe. Kitambaa chenye silikoni hakishiki gundi ya kawaida wala utepe wa kubandika, hushika silikoni tu. Chukueni silikoni safi ya kuzibia madirisha, mwichanganye na spiriti nyeupe, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, mpaka iwe kama uji mwepesi, mpake kwa brashi juu ya uzi wenyewe, kisha mwache usiku kucha. Uzi uwe wa poliesta. Uzi wa pamba huoza.

Kwenye pembe msikubali matundu ya kupigiliwa pete za chuma. Pete hukaa ndani ya tundu, na tundu ndipo kitambaa kinapoanza kuchanika. Kitanzi cha utepe kilichoshonewa juu ya kiraka cha safu mbili au tatu hugawa nguvu kwenye eneo kubwa. Kingo nazo zikatwe kwa mviringo unaoingia ndani kidogo, sentimita 8 hadi 10 katikati ya ubavu. Mkizikata zikanyooka kabisa, turubai litapigapiga kwa upepo hata mkilikaza vipi. Mviringo huo hupunguza eneo kidogo, na mimi naona ni hasara inayokubalika.

MamaWanne, Nakuru

Ndugu wa Tanga, hongereni kwa kuwatoa watoto nje. Mimi nitasema kinyume kidogo na wenzangu, kwa sababu nimeona wote wanalihesabu turubai kama paa la kulalia tu.

Watoto wa miaka 7 na 11 hawalali saa 12 jioni. Mvua ikianza saa 10 alasiri mna saa nyingi za kukaa macho, kula, kubadili nguo na kucheza karata, na chini ya maturubai mawili madogo familia inagawanyika, kila mmoja amejikunja kwenye bembea yake. Turubai moja kubwa ni sebule. Yule muuzaji hakukosea kuhusu ukubwa, ila sidhani aliwaeleza namna ya kulifunga. Mkilifunga mgongo ukapita kwenye urefu wa mita 5, mnapata upana wa mita 4 ambao ukilazwa nyuzi 30 unafunika mita 3.5, na bembea nne hazienei hapo. Ule urefu wa ziada nao haumfai mtu, kwa kuwa bembea inahitaji mita 3.35 tu. Ligeuzeni. Mgongo upite kwenye mita 4, upana uwe mita 5, nalo litafunika mita 4.3. Kila bembea inapata zaidi ya mita moja, na bado mnabaki na mahali pa kuketi. Kwa kitambaa kile cha gramu 50, mita za mraba 20 ni kilo 1 kasoro kamba, wakati mawili ya mita 3.6 kwa 3.5 ni kilo 1 na robo.

Nakiri kwamba sisi huku hulala zaidi katika misitu ya kupandwa, ambako misindano imesimama kwa safu na ikishapunguzwa mtu huchagua miti minne ndani ya dakika chache. Kwa msitu wa asili hoja ya ndugu wa Morogoro ina nguvu. Pia lazima niseme ubaya wa turubai kubwa. Likilazwa namna ile maji hukusanyika penye bonde lolote dogo, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Mvua ya milimita 5 juu ya paa hilo ni zaidi ya lita 80. Kwa hiyo pembe moja ishushwe chini kuliko nyingine ili maji yawe na njia, na chini yake wekeni sufuria. Hayo ndiyo maji ya kuoshea vyombo.

Kuhusu watoto, msifunge bembea moja juu ya nyingine hata kama nafasi ni finyu, kwani ya juu ikikatika inamwangukia wa chini. Mtoto akikaa katikati ya bembea yake, makalio yasizidi sentimita 45 kutoka ardhini. Kamba za pembeni zifungiwe vipande vya kitambaa cheupe, maana mtoto anayekimbilia haja usiku haoni kamba ya milimita 2. Jiko liwe mbali kabisa na turubai, kwa sababu nailoni na poliesta huyeyuka, na tone lake likianguka kwenye ngozi halipanguswi.

Kipanga75, Arusha

Nawashukuru wote kwa maelezo. Niongeze neno kwa ajili ya polithini ya buluu, kwa kuwa inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Familia inayokwenda kwa gari na kulala hatua chache kutoka lilipoegeshwa haina sababu ya kulipa mara kadhaa zaidi kwa ajili ya kupunguza gramu 600. Polithini hailegei ikilowa, haitaki kuzibwa mishono, na ikichanika hurekebishwa kwa utepe wowote mpana. Kwa safari ya BabaWawili, hata hivyo, nisingeishauri, wala si kwa sababu ya kilo zake: ikikunjwa inajaza nusu ya shanta, na usiku wa upepo hupiga kelele zisizomwachia mtoto usingizi. Pete zake za pembeni nazo hung'oka mapema sana zikivutwa kwa kamba nyembamba. Mwenye nayo tayari aweke kokoto laini ndani ya kona ya turubai, aikunjie kitambaa, afunge kamba nyuma ya kokoto. Hapo hahitaji pete.

BabaWawili, Tanga

Ndugu zangu, nimewasoma mara mbili mbili pamoja na mke wangu, ambaye kama mnavyoweza kukisia amefurahi zaidi yangu. Hoja ya miti imetushinda nguvu. Tumeamua kushonesha mawili ya poliesta yenye silikoni pande zote, mgongo wa mita 3.6 na upana wa mita 3.4, nyongeza zikae kwenye upenu kama alivyoeleza fundi. Hoja ya sebule ya Mama Wanne hatukuitupa: fundi ataweka vitanzi vitano kila ubavu, ili tukipata miti inayokubali tuweze kuyaunganisha maturubai mawili yakawa paa moja.

Nimebakiwa na maswali matatu madogo. La kwanza ni kamba: huku kwetu kamba za katani zinapatikana kila duka, je, zinafaa? La pili, maji yanayotiririka kwenye shina la mti na kufuata mkanda mpaka kwenye bembea yanazuiwaje, maana turubai haliufuniki mkanda wote? La tatu, mtu anafanya nini na turubai lililolowa asubuhi ya kuondoka, ikiwa kila kitu kingine ndani ya shanta ni kikavu?

MtembeaMisitu, Morogoro

Katani ni zao letu na ningependa kuitetea, lakini si hapa. Ikilowa hufupika na kujikaza, ikikauka hulegea, na uzito wake ukiwa na maji unaurudisha mzigo mlioukimbia. Chukueni kamba za poliesta za milimita 2 kwa pembeni na milimita 3 kwa mgongo. Kamba ya mgongo iwe moja ndefu, kama mita 10, ipite chini ya turubai kutoka mti hadi mti, na turubai lishikwe juu yake kwa vitanzi viwili vidogo vya kamba nyembamba vilivyozungushwa mara tatu. Vitanzi hivyo huteleza mkivisukuma kwa mkono na hushika mkiviacha, kwa hiyo mnaweza kulisogeza turubai lote mpaka likae katikati ya bembea bila kufungua fundo hata moja. Ifungeni juu kidogo ya mikanda ya bembea, kwa kuwa mlalaji akiingia bembea inashuka, turubai halishuki. Dhoruba ikija, literemsheni kadiri mikanda inavyoruhusu na mwinamishe pande zake zaidi, hata kama upana unapungua.

Kwenye kamba za pembeni, sentimita chache kutoka kitanzi, ungeni kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo huvutika tawi likitikisika au mtoto akijikwaa, kisha hurudisha mkazo. Vigingi chukueni vya alumini, kumi na viwili kwa maturubai mawili, kwani ndani ya hifadhi hamtaruhusiwa kukata miti midogo ya kuchonga.

Maji ya mkanda yana dawa rahisi. Fungeni uzi mnene wa pamba, urefu wa kiganja, kwenye mkanda mahali ulipokwisha kuingia chini ya turubai lakini kabla haujafika kwenye bembea, na uzi huo uning'inie. Maji yanayoteremka yakifika hapo huufuata uzi na kudondoka chini. Kila mkanda uwe na wake, yaani nyuzi nane kwa bembea nne. Kamba ya mgongo nayo, kwa kuwa imepita chini ya turubai, ifungiwe uzi kama huo kila upande, na msiache ikaning'inia ikielekea kwa mlalaji.

Kwa kuwa umetaja asubuhi ya kuondoka, nikuongezee la jioni ya kufika. Kabla ya kufunga chochote, mtu mmoja azunguke kila mti akitazama juu na chini. Juu anatafuta matawi makavu, yanayoweza kuanguka hata bila upepo. Chini anatafuta siafu. Wakiwa kwenye njia yao hawawezi kugeuzwa, kwa hiyo hamisheni kambi nyinyi. Mikanda iwe na upana wa sentimita 2.5 au zaidi, isiwe kamba nyembamba inayokata gome. Na radi ikianza kupiga karibu, msibaki chini ya mti mmoja mrefu uliosimama peke yake.

Turubai lililolowa halikunjwi mezani kama shuka. Shoneni mfuko mrefu mwembamba kama mkono wa kanzu, wazi pande zote mbili, urefu wa mita 3.6, kwa kitambaa cha chandarua kikuukuu. Mfuko huo unakaa kwenye kamba ya mgongo muda wote. Asubuhi mnafungua kamba za pembeni, mnalisokota turubai likiwa bado limefungwa mitini, mnauvuta mfuko ukalimeza, na mikono haigusi maji. Likishafunguliwa mitini liwekwe nje ya shanta, kwenye mfuko wa pembeni au chini ya kifuniko, na lifungwe la kwanza mkifika kambi inayofuata ili bembea zitoke shantani zikiwa tayari na paa. Mkirudi Tanga litandazeni kivulini mpaka mishono yake nayo ikauke, ndipo mlihifadhi, bila kulibana, mahali pasipo joto.

FundiChangombe, Dar es Salaam

Ndugu BabaWawili, vitanzi vitano kila ubavu ni sawa, lakini mwambie fundi avipime kutoka katikati kwenda nje kwenye maturubai yote mawili, asianze kupima pembeni. Akianzia pembeni, tofauti ndogo ya ukataji itafanya vitanzi vya turubai moja visikutane na vya jingine, na siku ya kuyaunganisha mtabaki na mianya inayopitisha maji katikati ya paa. Turubai la upande unaotoka mvua lilale juu ya jingine kwa sentimita 20.